Damu Iliyonisingizia

Haya nimeyaandika kwa mwanamke ambaye simjui. Najua tu kwamba ameketi kwenye benchi nje ya maabara, mguu mmoja mzito kuliko mwingine, na amewahi kubeba mimba ambayo hakurudi nayo nyumbani. Kama ni wewe, kaa vizuri. Foleni ya maabara haina haraka, na mimi pia sina. Mimi si daktari, ni fundi cherehani wa Machakos, kwa hiyo usitegemee nikufafanulie jinsi damu inavyofanya kazi. Nitakueleza ilivyonifanyia mimi.

Jina langu ni Mwikali. Niliolewa na Mutua muda mfupi kabla ya ile mvua ya El Niño. Yeye alifanya kazi katika kiwanda upande wa Athi River, akilala huko katikati ya wiki na kurudi Jumamosi na mkate chini ya kwapa. Mimi nilikuwa na cherehani yangu ya miguu kwenye baraza ya duka mjini, na chumba cha kupanga nyuma ya soko. Kwao ni Kola. Mama yake, mjane, aliishi huko kwenye shamba la matuta, na tangu siku ya kwanza nilimwita Mwaitu, yaani mama, kama mwanawe alivyomwita. Alikuwa mtu wa kanisa na wa jembe, haongei sana, na akija kututembelea kiondo chake hakikuja kitupu.

Mimba ya kwanza iliharibika katikati ya mvua ile, barabara ya kwenda Kola ikiwa imekatika. Ilikuwa changa. Kila mtu aliniambia mambo hayo hutokea, na ni kweli hutokea. Nililia, nikachoka kulia, nikarudi kwenye cherehani kwa sababu sare za shule zilikuwa zinangoja.

Mimba ya pili ndiyo iliyoleta kesi. Ukienda kliniki ya wajawazito wanakutoa damu kupima mambo kadhaa, na mojawapo ni kaswende. Nilipima nikakaa, nikawa nazungumza na jirani yangu wa benchi kuhusu bei ya maharagwe, sista akatoka na kuniita kwa kidole. Hakwenda mbali nami. Alisimama pale pale mlangoni.

"Mama, damu yako imetoka na kaswende. Mzee wako ako wapi?"

"Ako kazini."

"Basi umlete. Nyinyi wawili mtadungwa sindano."

Yule wa maharagwe akavuta mkoba wake karibu, kana kwamba kaswende ingerukia mkoba. Sijawahi kuona aibu kama ile, na aibu yenyewe haikuwa yangu.

Mutua alikuja Jumamosi, akapimwa. Damu yake ilikuwa safi. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Alingoja nifunge mlango.

"Mwikali, mimi sina. Wewe umeitoa wapi?"

"Sijui."

"Kwani mtu hupata ugonjwa kama hiyo na hajui?"

Nilikuwa na mkasi mkononi. Niliuweka mezani kwanza, ndipo nikamjibu. Nilimwambia kwamba tangu anioe hakuna mwanamume aliyenigusa ila yeye, na wa mwisho kunipima kifua kwa futi alikuwa fundi aliyenifunza kazi, mzee wa meno matatu. Hakucheka. Alisema ananiamini, lakini aliyasema hayo akiangalia dirisha. Kuanzia hapo Jumamosi zake zikaanza kuruka. Wiki hii amefika, wiki ile zamu zimeongezwa kiwandani.

Nilidungwa zile sindano za matako nikatembea kama bata. Mwaitu naye akaja, maana Mutua alikuwa amemwambia. Alikaa kwenye kitanda changu, kiondo magotini.

"Mwiitu," akaniita, ndivyo tunavyomwita binti, "mimi sikuulizi kitu. Lakini kama kuna thavu hapa kwa nyumba, tuiondoe kabla mtoto hajafika."

Thavu ni ule uchafu ambao watu wa kwetu husema huingia nyumbani mwiko ukivunjwa, hasa mwiko wa kitanda, na unapoingia huwala watoto. Mwaitu alikuwa mstari wa mbele kanisani, lakini thavu hakuifanyia mzaha.

"Mwaitu, sina kitu ya kuondoa."

"Sawa. Basi tuombe." Akaomba, na nikajua anamwombea mkosaji.

Mtoto aliacha kucheza mimba ikiwa ya mwezi wa sita. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umeshika vilima hadi saa nne. Nilijua kabla ya daktari kujua. Nilikaa na mkono tumboni nikingoja anipige teke, nikanywa chai ya sukari nyingi maana wanasema sukari huwaamsha, nikalala ubavu wa kushoto, nikalala wa kulia. Alikuwa mvulana. Nilimshika. Alikuwa mzima kila mahali, kucha zote, nyusi zote, ila hakuwa hai. Sitasema zaidi juu yake hapa. Nitasema tu kwamba niliporudi nyumbani maziwa yalitoka, na hakuna mtu aliyekuwa amenionya kwamba maziwa hayajui.

Hakuna aliyenitukana. Watu wetu hawatukani mfiwa. Walikuja na unga na sukari, wakaketi, wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na jibu lake mfukoni na jibu lilikuwa moja. Nilikuwa na uchungu, lakini zaidi nilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonifanya nioge asubuhi na kufungua kazi. Nilitaka kitu kimoja tu: mtoto hai mikononi mwangu. Nilijua pia kwamba asipokuja, kaswende ile itabaki ndiyo jibu hadi nizikwe nayo.

Wiki chache baadaye mguu wa kushoto ukavimba. Ulianza na maumivu ya nyuma ya goti, nikadhani ni kukanyaga cherehani. Nikachemsha maji nikaukanda kwa mafuta. Tafadhali, wewe uliye kwenye benchi, mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiukande na usikubali mtu aukande, nenda hospitali. Mimi niliukanda siku mbili. Siku ya tatu ulikuwa umekaza, unang'aa, moto, na kiatu kimekataa. Mwenye duka alinishika mkono akanipeleka hospitali mwenyewe, akaacha wateja.

Walinilaza. Daktari wa wodi ile alikuwa mwanamke mfupi wa miwani mizito, Daktari Atieno, mtu wa maswali. Alisema damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu na kama kipande kitakatika kikapanda kifuani ni hatari, kwa hiyo nisishuke kitandani hata kidogo. Nikawekewa dawa ya mshipa. Nilijisaidia kwenye beseni nyuma ya pazia ambalo halikufunga vizuri, nikajifunza kwamba hata aibu ina mwisho wake.

Jumamosi ile Mutua na mama yake walikuja kuniona pamoja. Daktari alipita akawakuta, akauliza kama wanaweza kubaki. Akaniuliza kuhusu zile mimba mbili, kila kitu, polepole, huku akitingisha kichwa. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Umewahi kuambiwa uko na kaswende?"

Mutua aliangalia viatu vyake. Mwaitu akaanza kupanga machungwa upya kwenye kabati. Mwanamke wa kitanda cha pili akapunguza redio yake, maana watu ni watu. Ningeweza kusema hapana. Nilifikiria kusema hapana, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa hiyo kesi mara moja na sikuwa na nguvu ya kuilipa tena. Lakini nilimwangalia yule daktari usoni, nikaona hakuniuliza kama wale wengine walivyouliza. Aliuliza kama mtu anayetafuta ufunguo na anadhani amesikia ukilia mahali.

"Ndiyo," nikasema, na sikupunguza sauti. "Niliambiwa mbele ya watu."

"Na mzee alipimwa?"

"Nilipimwa," Mutua akasema. "Mimi nilikuwa safi."

"Aha." Daktari alitabasamu, na sikuelewa anafurahia nini. "Hicho kipimo cha kwanza hakiangalii mdudu wa kaswende mwenyewe. Kinaangalia kitu kwa damu. Sasa kuna watu wachache damu yao iko na kitu kinafanana na hicho, na hawana kaswende, hawajawahi kuwa nayo. Hiyo damu inadanganya kipimo. Na hiyo damu ndiyo inaganda ovyo. Inaganda kwa mguu. Mama akiwa mjamzito inaganda kwa kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula. Nataka tupime kaswende yenyewe kwa kipimo ingine, halafu damu nyingine tupeleke Nairobi."

Mwaitu hakuwa amefuata yote. Alimshika daktari kwenye mkono wa koti. "Kwa hivyo, daktari, huyu mtoto wangu hakufanya makosa?"

"Hakufanya kitu, mama. Ni damu."

Nililia, na sikulia kwa huzuni. Nililia kama mtu aliyefunguliwa pingu, na kamasi ikanitoka, na sikujali redio ya kitanda cha pili.

Mutua alibaki wakati mama yake alipotoka kutafuta chai. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akainuka, akakaa tena.

"Nimekukosea."

"Ndiyo, umenikosea."

"Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini mama yako ulimwambia kwa mdomo wako kwamba nina ugonjwa, sasa utaenda Kola umwambie kwa mdomo huo huo kwamba ulikosea. Usimwachie daktari hiyo kazi."

Alienda. Najua alienda kwa sababu Mwaitu alipokuja tena hakuomba, aliniletea maziwa ya mgando akanitazama nikinywa mpaka mwisho.

Kipimo cha pili cha kaswende kilirudi kikasema sina na sijawahi kuwa nayo. Cha Nairobi kilichukua muda zaidi, nacho kikasema ile kingamwili inayogandisha damu, kile kitu alichokitaja daktari, ipo, na ipo juu. Nilidhani tumemaliza. Daktari akasema bado. Kingamwili hiyo inaweza kupanda kwa muda tu, kwa sababu ya homa au maambukizi, kisha ishuke yenyewe, kwa hiyo lazima damu irudiwe baada ya wiki nyingi ndipo mtu aambiwe ana ugonjwa. Hii ni sehemu ngumu na hakuna anayekuambia ni ngumu. Unangoja kuambiwa kwamba wewe ni mgonjwa kweli, na unajikuta unaombea iwe kweli, kwa sababu ikiwa kweli ina dawa, na ikiwa si kweli unarudi kwenye giza lako. Mbaazi zilikomaa, zikavunwa, zikachambuliwa, ndipo jibu la pili likaja. Kingamwili ilikuwa pale pale. Jina refu la ugonjwa ni sindromu ya antifosfolipidi. Sisi nyumbani tuliuita damu nzito, na wewe unaweza kuuita upendavyo, mradi unywe dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa vidonge vidogo vya kulegeza damu, kila jioni, na kila baada ya wiki kadhaa kipimo cha kuona damu inaganda kwa kasi gani. Daktari alitaka namba yangu ikae kati ya mbili na tatu. Ikiwa chini damu ni nzito, ikiwa juu unaweza kuvuja. Mwili wangu ulibadilika. Nikigonga paja kwenye meza, kesho yake kuna doa la rangi ya biringanya. Fizi zilitoa damu nikipiga mswaki. Siku zangu za mwezi zikawa mafuriko. Nikajifunza kuvaa ile kofia ya chuma ya kidole ambayo tangu nianze ushonaji nilikuwa naidharau, maana sindano ikinichoma nilichafua nguo ya mteja. Mguu wa kushoto haukurudi kuwa mwembamba kama mwenzake. Mpaka leo napima sketi zangu mwenyewe ndefu, na cherehani nakanyaga kwa mguu wa kulia.

Nilimwambia daktari wazi kwamba nataka mtoto. Hakunificha. Vidonge hivyo humharibu mtoto tumboni, kwa hiyo mara tu nikikosa siku zangu lazima nije mbio nibadilishiwe sindano. Na kabla ya hapo alitaka damu yangu itulie. "Namba ikikaa vizuri miezi kadhaa mfululizo, nitakupa ruhusa ujaribu," akasema. "Ikiwa inapanda na kushuka, ruhusa hakuna. Sitaki nikupoteze wewe."

Ulikuwa wakati wa ukame. Shamba la Kola lilikauka hadi mavumbi, tukala muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe, muthokoi na maharagwe. Watu walilia, na mimi pia niliililia mimea ya Mwaitu, lakini namba yangu ilikaa kama imepigwa msumari. Mbili na nusu. Mbili na nusu. Mtu wa maabara alikuwa ananipungia mkono nikiingia. Daktari akasema tungoje mwisho wa mwaka, kama ni hivi basi twende.

Kisha mvua ya Novemba ikanyesha, mvua nzuri, na kila mtu akashukuru. Nilipopima, namba ilikuwa imeshuka. Daktari akaongeza dawa. Nilipopima tena imeshuka zaidi. Akaongeza tena, na bado haikufika hata mbili.

"Mwikali, unakunywa dawa?"

"Nakunywa."

"Kila siku? Usinidanganye, nitajua."

Damu ile ile, kwa mara nyingine, imekwenda kunishtaki kwa kitu nisichofanya, na kwa mtu niliyempenda kuliko madaktari wote. Nilitaka kuondoka. Nilishika meza badala yake. "Daktari," nikasema, "damu yangu ilisema uongo juu yangu wakati fulani, na ni wewe uliyeigundua. Itafute tena, kwa sababu mimi sijaacha kidonge hata kimoja."

Alivua miwani akaifuta. "Haya. Nani anakupikia?"

Tangu mvua zianze Mwaitu alikuwa anakaa nasi mjini siku nyingi za wiki, akisema amekuja kupumzika na jembe. Alikuwa nje kwenye benchi na kiondo chake. Daktari akamwita, akamuuliza ninakula nini. Mwaitu alisimama wima kabisa.

"Daktari, huyu si anaumwa na damu? Basi mimi namwongezea. Kunde zimetoka nyingi huko Kola. Anakula kunde mchana, anakula kunde jioni, na ile supu yake ya kijani anakunywa kikombe kizima asubuhi. Na terere nikipata. Na majani ya malenge. Mimi sijalala."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekula kunde mpaka nikaziota, na sikusema kitu kwa sababu ningesemaje? Mwanamke huyu alikuwa ameniombea kama mkosaji, sasa alikuwa anachuma majani kwenye umande kwa ajili yangu.

Daktari aliweka kalamu chini. Akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Mama, damu anayo ya kutosha. Shida ni vile inaganda. Na hizo mboga za kijani zinasaidia damu kugandana, kwa hivyo zinapigana na dawa yangu. Nikiongeza dawa, wewe unaongeza kunde."

Mwaitu hakucheka. Alikaa polepole. "Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimuua."

"Hapana."

"Ni mimi. Na mikono yangu hii."

Nilipiga magoti pale chini, mguu mbovu na vyote, nikashika ile mikono. Ilikuwa na rangi ya kijani kwenye kucha. Nilimwambia nilichokuwa nacho moyoni, kwamba hakuna mtu aliyewahi kunitunza hivyo tangu mama yangu mzazi, na kwamba simwachi arudi Kola akidhani vingine. Daktari naye akamweleza kwamba hakuna haja ya kuacha mboga. Kitu kibaya ni kula nyingi leo na kukosa kesho. Nile kiasi kile kile, mvua au kiangazi, naye atapanga dawa kulingana na kiasi hicho.

Unajua mtu wa shamba akipewa kazi. Mwaitu alichagua kibakuli kimoja cha udongo kikawa ndicho kipimo. Akachuma kunde za kutosha, akazichemsha kidogo, akazianika juu ya magunia, akafunga kwenye mifuko kwa ajili ya miezi mikavu, ili kibakuli changu kiwe kile kile Novemba na Agosti. Wageni wakija na majani ya kunipa alikuwa anayapokea kwa shukrani, muvea muno, muvea muno, kisha anampelekea jirani. Namba ikapanda taratibu, ikafika mbili, ikafika mbili na nusu, ikakaa.

Ruhusa ilikuja wakati wa maembe. Mimba ilikuja kabla maembe hayajaisha.

Sindano za tumbo sitakudanganya, zinachosha. Asubuhi na jioni, unavuta ngozi, unachoma. Mwanzoni Mutua ndiye aliyekuwa ananidunga, maana alikuwa ameomba zamu za mchana ili alale nyumbani kila siku, naye akawa anachoma, anachomoa, anachoma tena, hata nikamwambia atanishona pindo. Baadaye nilijidunga mwenyewe. Tumbo likajaa madoa, ya zamani ya manjano, mapya ya zambarau, na katikati yake mtoto anakua. Juu ya hapo kidonge kidogo cha aspirini kila siku. Kuna asubuhi nilikaa na sindano mkononi nikasema leo sitaki, leo napumzika. Nikajidunga nikisema hivyo hivyo.

Kliniki ya wajawazito nilirudi ile ile. Sista alikuwa mwingine, benchi ni lile lile. Alipochukua bomba la kutoa damu nilimwambia kwa sauti ya kawaida ya kuagiza chai, "Sista, ile ya kaswende itakuja imeshika. Sina kaswende. Niko na ugonjwa wa damu kuganda, inadanganya hiyo kipimo. Andika hivyo kwa kadi, halafu mnipime na ile ingine."

"Nani amekuambia?"

"Daktari. Na mguu wangu."

Kipimo kilishika, kama nilivyosema. Kile kingine kikasema sina. Mwanamke mmoja kwenye benchi alinifuata hadi lango kuu. Hakunieleza habari zake, aliniuliza tu lile jina la ugonjwa, mara mbili, ili asilisahau. Nafikiri haya yote nayaandika kwa sababu yake.

Mwezi wa sita wa mimba ulipoingia niliacha kulala vizuri. Baridi ilikuwa imerudi na ukungu ule ule. Mtoto alipiga teke. Nilikuwa nakunywa chai, kikombe nimekiegemeza juu ya tumbo, akapiga tena, kikombe kikatikisika, nikamwita Mwaitu aje aone, na tukakaa sisi wawili tukitazama kikombe. Tulivuka mwezi ule. Tukavuka wa saba. Katika wa nane daktari akasema mtoto haongezeki tena vizuri, tusicheze bahati nasibu, akanipanga kwa upasuaji. Sindano zikasimamishwa kwa muda mfupi ili nisivuje. Muda huo mfupi niliuogopa kuliko kisu.

Alizaliwa mdogo, mwekundu, mwenye hasira. Nilimsikia kabla ya kumwona. Mtu asiniambie kuhusu muziki.

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo wazee huhesabu bado hajawa wetu kabisa, anaweza kubadili nia arudi alikotoka. Wa kwanza wa kike huitwa jina la mama ya baba yake, na mama ya Mutua anaitwa Mumbua. Siku ya tatu alikuja wodini na leso mpya, akasimama mbali na kitanda, akamwomba Mutua asogee.

"Msimpe jina langu," akasema. "Bado. Wenzake wawili wameenda. Mumwite Mbiti. Kifo ikipita iulize ni nani huyu, iambiwe ni fisi tu, iende zake."

Wazee wetu wamefanya hivyo kwa watoto wengi, na wengi wako hai. Sikumcheka. Alikuwa anaogopa, nami nilikuwa naogopa vile vile. Mtoto alikuwa mwepesi hivi kwamba nilimwangalia kila mara kama anapumua. Lakini nilikuwa nimemaliza kuinamisha kichwa.

"Mwaitu, hatumfichi. Mimi niliishi kama mtu wa kufichwa, nikakaa kwa hiyo aibu mpaka ikatosha. Huyu ametafutwa na watu wote hapa, na damu, na sindano, na kunde zako. Aitwe jina lake, kila mtu asikie."

Mutua hakungoja mama yake ajibu. Alichukua ile kadi iliyofungwa kwenye kitanda cha mtoto, akaandika kwa herufi kubwa, MUMBUA. Kisha akainama akamwita mtoto kama mwanamume wa kwetu anavyomwita binti aliyebeba jina la mama yake mzazi. "Mwaitu," akasema. Mama yake akafunika uso na leso mpya.

Nesi aliingia na sinia ya dawa. Alisoma kadi ya mtoto, akanigeukia. Tangu niolewe, kwenye kila benchi na kila dirisha, nilikuwa nimeitwa kwa jina langu tu, Mwikali, na baadaye Mwikali wa damu nzito, kamwe si mama wa fulani.

"Mama Mumbua," akaita, "saa ya sindano imefika."

Niliitika kwa nguvu, kidonda na vyote, mpaka wodi nzima ikageuka.